Chai, Mahindi au Ukoo? Fumbo la Saratani ya Umio Afrika Mashariki

Julai 2019 Kenya iliwapoteza watu watatu mashuhuri kwa saratani ndani ya mwezi mmoja: Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Nchi ilishtuka. Wapo waliotaka saratani itangazwe janga la kitaifa, wapo waliolaumu mbolea na dawa za kunyunyizia mboga, wapo walioapa kuacha nyama, na wapo waliosambaziana kwenye simu orodha za majani na mizizi. Collymore aliugua saratani ya damu, Okoth ya utumbo mpana. Hayo ni magonjwa mawili yasiyofanana kwa chanzo, kwa dalili wala kwa tiba. Vijiweni yaligeuka kitu kimoja kiitwacho saratani, na kila mtu akawa na mchawi wake.

Mkanganyiko huo haujaisha, na mahali unapodhuru zaidi ni kwenye saratani za mfumo wa chakula. Mtu akiambiwa ndugu yake ana "saratani ya tumbo", kinachozungumziwa chaweza kuwa ini, kongosho, mfuko wa tumbo au utumbo. Uchambuzi huu unaishika moja tu, saratani ya umio, yaani ya mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Inastahili kupewa nafasi peke yake kwa sababu ukanda wetu ni miongoni mwa maeneo machache duniani ambako imeota mizizi, na kwa sababu ushauri mwingi mzuri unaotolewa juu ya saratani nyingine hauifai.

Njia moja ya chakula, magonjwa mengi

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, mwaka 2022 duniani kulikuwa na wagonjwa wapya kama milioni 1.9 wa saratani ya utumbo mpana, na vifo karibu 900,000. Wagonjwa wapya wa saratani ya umio walikuwa kama 511,000, na vifo kama 445,000. Kwenye utumbo mpana, basi, vifo havifiki nusu ya wagonjwa wapya. Kwenye umio vinakaribia kulingana nao.

Tofauti hiyo ina maelezo. Saratani ya utumbo mpana mara nyingi huanza na kivimbe kidogo kinachoweza kukaa miaka kumi hivi kabla ya kugeuka, na daktari anaweza kukikata kwa kifaa kilekile anachochungulia nacho. Choo chaweza kupimwa damu isiyoonekana kwa macho. Saratani ya ini ina watuhumiwa wawili wanaojulikana, virusi vya homa ya ini B na sumukuvu iliyomo kwenye mahindi na karanga, na mmoja wao ana chanjo ambayo watoto wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakipewa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sumukuvu hiyohiyo ikizidi huua papo hapo: mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Saratani ya mfuko wa tumbo nayo ina bakteria wake, Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall wa Australia alimnywa makusudi mwaka 1984 ili kuwathibitishia wenzake kwamba ndiye anayevimbisha tumbo. Yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo huuawa kwa vidonge.

Umio hauna virusi vya kuchanjia, hauna bakteria wa kuua, hauna kivimbe cha kukata kwa raha zake. Anayesikiliza kipindi cha redio kuhusu utumbo mpana, kisha akadhani amejifunza kuhusu "saratani ya njia ya chakula" yote, anaondoka na matumaini ambayo umio hauwezi kuyatimiza.

Liko kosa jingine, linalowapata hasa wasomi wanaotafuta habari kwenye mitandao. Saratani ya umio yenyewe ni magonjwa mawili. Ile iliyoenea Ulaya Magharibi na Marekani siku hizi hutokana na seli za tezi, chini karibu na mlango wa tumbo, na inahusishwa na unene na kiungulia cha miaka mingi. Ya kwetu karibu yote ni ya seli bapa, zile zinazotandaza utando wa ndani wa mrija. Mkulima mwembamba wa Bomet ambaye hajawahi kupata kiungulia hajitambui kabisa katika maelezo ya Wazungu, wala hapaswi kujitambua.

Ukanda wenyewe

Wataalamu wanazungumzia ukanda wa saratani ya umio unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, ukaishia jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Habari zake si mpya. Mwaka 1969 Ahmed na Cook walichapisha makala kuhusu wingi wa ugonjwa huu magharibi mwa Kenya. Mwaka 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek, wilayani Bomet, waliandika katika jarida la Lancet juu ya jambo lililowashangaza wenzao wa nje: miongoni mwa wagonjwa wao walikuwamo vijana, hata walio chini ya miaka 30, kwa ugonjwa ambao kwingineko huonekana kuwa wa wazee.

Kinachochokoza akili zaidi ni mahali ambapo ugonjwa haupo. Afrika Magharibi ni maskini kama sisi, wanavuta, wanakunywa, wanapika kwa kuni, wana mahindi yenye kuvu. Saratani hii kwao ni adimu. Yeyote anayedai kuwa umaskini peke yake, au moshi wa jikoni peke yake, ndio chanzo, inabidi aeleze kwanza kwa nini Ghana imenusurika.

Watuhumiwa mmoja mmoja

Mtuhumiwa maarufu ni chai ya kuunguza. Mwaka 2016 IARC iliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo kwa uwezekano mkubwa husababisha saratani kwa binadamu. Kosa liliwekwa kwenye joto. Chai na kahawa zenyewe hazikutiwa hatiani. Watafiti waliopima chai kwenye vikombe vya watu wa Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walikuta inanywewa ikiwa karibu nyuzi 70. Kisha ukaja utafiti uitwao ESCCAPE, ulioongozwa na IARC, uliolinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa Eldoret, Moshi na Blantyre. Waliosema wanakunywa na kula vitu vya moto sana walikuwa na hatari kubwa zaidi.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaendana na ramani: chai ya moto ni desturi ya nyanda za juu zenye baridi, na sehemu nyingi za Afrika Magharibi haijaenea hivyo. Udhaifu wake ni namna swali lilivyoulizwa. Ukimuuliza mgonjwa aliyekwisha kusikia kwamba chai ndiyo iliyomponza, atakumbuka moto uliokuwamo. Ndiyo maana utafiti wa Golestan, kaskazini mwa Iran, una uzito wa pekee. Huko watu wapatao 50,000 walipimiwa joto la chai yao wakiwa wazima, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Waliokunywa mililita 700 au zaidi kwa siku, ikiwa nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari karibu mara mbili ya wale waliokunywa kidogo na ya joto la chini. Hapo kumbukumbu ya mgonjwa haiwezi kulaumiwa. Lakini hata mara mbili si hukumu ya kifo: idadi kubwa ya wanywaji wa chai ya moto hawataugua kamwe, na kila kijiji kina mzee wa miaka 90 wa kulithibitisha hilo, tena kwa majigambo.

Pombe na tumbaku hazina utata wowote wa kisayansi. Zote mbili zimo katika kundi la juu kabisa la IARC, la visababishi vilivyothibitishwa. Pombe ikiyeyushwa mwilini huacha asetaldehaidi, kemikali inayoharibu seli, na kwa wanaume wa magharibi mwa Kenya pombe za kienyeji, busaa na chang'aa, zimeonekana kubeba sehemu kubwa ya lawama. Tatizo ni kwamba wanawake wengi wanaolazwa kwa ugonjwa huu hawajawahi kuonja pombe wala kushika ugoro. Pombe inaeleza mengi kwa mwanamume wa Eldoret na karibu haielezi kitu kwa mama wa kanisani Bomet.

Asetaldehaidi hiyohiyo imekutwa kwenye mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, na habari hiyo ilipotoka ilishangiliwa na waliokuwa wakitafuta jibu jepesi. Mursik hainywewi Moshi. Hainywewi Blantyre. Kinywaji cha kabila moja hakiwezi kubeba ugonjwa wa ukanda mzima, ingawa hilo halimaanishi kimesafishwa moja kwa moja huko kinakonywewa.

Kuvu wa mahindi ni mtuhumiwa wa siku nyingi, hasa tangu watafiti wa Eastern Cape walipokuta mahindi yenye sumu iitwayo fumonisini kwenye maeneo yenye wagonjwa wengi. Ni hoja yenye mantiki, kwani ukanda huu ndio uliogeuka kuwa wa ugali wa mahindi. Shida yake ni kupima: mtu anakula mahindi ya mavuno tofauti kila mwaka, na hakuna anayejua alikula sumu kiasi gani miaka 20 iliyopita. IARC imeliacha shauri hilo kwenye ngazi ya "huenda". Moshi wa kuni nao hutoa kemikali zilezile zilizomo kwenye moshi wa sigara, na anayeuvuta kila siku ni yule anayepika.

Meno yanastahili kutajwa kwa sababu hakuna anayeyatarajia. Kwenye tafiti za ukanda huu, watu wenye meno yaliyooza, walioyapoteza mengi, au wenye meno ya kahawia yatokanayo na fluoraidi nyingi kwenye maji ya Bonde la Ufa wameonekana kuugua zaidi. Huenda kinywa kichafu huzalisha kemikali mbaya. Huenda pia meno mabovu ni alama tu ya maisha magumu na ya maji ya eneo fulani. Ushahidi uliopo hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Na ukoo je? Ni kweli kuna familia zenye wagonjwa zaidi ya mmoja, na jambo hilo linaonekana zaidi kwa wagonjwa vijana. Hilo ndilo lililozaa minong'ono ya laana. Lakini ndugu hurithi pia sufuria, kisima, shamba la mahindi na namna ya kunywa chai.

Alama za vidole zisizopatikana

Kulikuwa na tumaini kwamba vinasaba vingemaliza ubishi. Moshi wa sigara huacha alama zake maalumu kwenye seli za saratani ya mapafu, na jua huacha zake kwenye ngozi, mfano wa mwizi aliyesahau kuvaa glovu. Mwaka 2021 kundi kubwa la kimataifa lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya saratani 552 za umio wa seli bapa kutoka nchi nane, tatu zikiwa Kenya, Tanzania na Malawi. Walitarajia kukuta kwenye nchi zenye wagonjwa wengi alama ambayo haipo Uingereza au Brazil. Hawakuikuta. Alama zilifanana karibu kila mahali.

Matokeo haya yanaweza kusomwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema yamewaachia huru watuhumiwa wote. Naona usomaji huo ni wa haraka mno. Kitu kinaweza kuleta saratani bila kukwaruza vinasaba kwa mkono wake: joto linalouunguza utando kila asubuhi huulazimisha kujikarabati, na seli zinazogawanyika kila mara hutoa nafasi kwa makosa ya kawaida kujilimbikiza. Chai ya moto, kinywa kichafu na ukosefu wa virutubisho vinaweza kufanya kazi kwa njia hiyo, bila kuacha saini. Kilichodhoofishwa na uchunguzi ule ni dhana ya sumu moja ya ajabu iliyojificha kwenye udongo wetu, inayongoja kugunduliwa.

Historia inaunga mkono usomaji huu wa pili. Saratani ya mfuko wa tumbo ilikuwa muuaji mkubwa Marekani katika miaka ya 1930, ikaporomoka miongo kadhaa kabla ya mtu yeyote kumshuku Helicobacter. Majokofu, matunda ya mwaka mzima na kupungua kwa vyakula vya chumvi vilifanya kazi kimyakimya. Golestan, iliyokuwa na viwango vya kutisha vya saratani ya umio katika miaka ya 1970, nayo imeshuka sana kadiri maisha yalivyobadilika. Hakuna kati ya sehemu hizo mbili iliyongoja mshukiwa mmoja apatikane na hatia.

Kwa nini "wahi hospitali" haitoshi

Kampeni nyingi za afya husimama juu ya neno moja: wahi. Kwa matiti na shingo ya kizazi ni ushauri wenye nguvu. Kwa umio una mipaka ambayo haisemwi wazi.

Umio ni mrija laini wa sentimita 25 hivi unaoweza kutanuka. Chakula kigumu huanza kukwama pale nafasi ya ndani inaposhuka chini ya milimita 13 hivi. Kabla ya hapo mtu hutafuna zaidi, hunywa maji katikati ya mlo, huacha nyama, na maisha yanaendelea. Uvimbe umekwisha kukua kwa muda mrefu ndipo dalili ya kwanza ya wazi inatokea. Zaidi ya hayo, umio hauna lile gamba la nje linaloufunika utumbo, na mishipa yake ya limfu imetapakaa ukutani, hivyo seli mbaya husafiri mapema. Anayewahi siku ya kwanza ugali unapokwama amewahi kwa upande wake, ugonjwa ulikwishamtangulia.

Pamoja na hayo, wengi hawafiki siku ya kwanza. Njia yao inafahamika. Kwanza duka la dawa, ambako kukwama kwa chakula kunaitwa vidonda vya tumbo na mgonjwa anapewa omeprazo. Dawa hiyo hupunguza asidi na humpa nafuu kidogo, jambo baya kuliko kutompa nafuu kabisa. Halafu mganga wa tiba asili. Kikombe cha dawa ya mitishamba cha Loliondo, Tanzania, mwaka 2011 kilionyesha jinsi maelfu wanavyoweza kuyaacha matibabu kwa ajili ya tumaini la shilingi 500, na walioenda hawakuwa wajinga wote. Mganga ana muda wa kusikiliza, na foleni ya hospitali haina. Kisha zahanati, kisha rufaa, kisha foleni ya endoskopi, yaani kuchunguliwa umio kwa mpira wenye kamera, kisha wiki za kungoja majibu ya kinofu kilichokatwa kwa ajili ya kupimwa. Mgonjwa alianza kwa kushindwa nyama na ugali. Anafika akishindwa hata uji, amekonda, sauti imekwaruza, na akinywa maji anakohoa.

Hapa kuna kambi mbili. Moja inasema tatizo ni elimu ya wananchi. Nyingine inasema tatizo ni mfumo: mashine chache, mafundi wachache, nauli na gharama. Ya kwanza ina mvuto kwa serikali kwa sababu mabango ni rahisi kuliko mashine. Lakini bango linalomhimiza mtu kwenda kwenye kituo kisichoweza kumchungulia umio linamrudisha kwenye omeprazo ileile, safari hii ikiwa na muhuri wa serikali. Kambi ya pili ina hoja nzito zaidi, japo nayo hupenda kusahau ile milimita 13. Mfumo ukiwa kamili kesho asubuhi, bado wengi watagundulika ugonjwa umeenea. Watakachopata kwa kuwahi ni kugundulika wakiwa bado na nguvu za kuhimili tiba, na hilo si dogo.

Kupima wasioumwa

Kama dalili huchelewa, jibu la kimantiki ni kutafuta ugonjwa kabla ya dalili. China imefanya hivyo. Huko Cixian, mkoani Hebei, wanavijiji wa miaka 40 hadi 69 walichunguliwa kwa endoskopi mara moja, utando ukipakwa iodini. Seli nzima hugeuka kahawia, zilizoanza kubadilika hubaki na mabaka meupe, na mabaka hayo huondolewa. Baada ya miaka kumi, vifo vya saratani ya umio katika vijiji vilivyopimwa vilikuwa asilimia 3.35, na katika visivyopimwa asilimia 5.05. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Tenwek walijaribu iodini hiyohiyo kwa watu 305 wasio na dalili yoyote. Asilimia 14.4 walikuwa na seli zilizoanza kubadilika. Tarakimu hiyo inatisha, na ndiyo silaha kuu ya wanaotaka upimaji wa watu wote.

Isomwe kwa utulivu. Si kila badiliko huishia kuwa saratani. Katika ufuatiliaji wa miaka 13 na nusu kule Linxian, China, miongoni mwa waliokuwa na mabadiliko madogo asilimia 24 walipata saratani. Wenye mabadiliko ya kati asilimia 50. Wenye makubwa asilimia 74. Ina maana robo tatu ya kundi la kwanza hawakuugua katika muda wote huo, na kama wangetibiwa wote, wengi wangekatwa bure. Upimaji pia hautoi faida mpaka kuwe na mtu wa kuondoa mabaka na wa kumwita mgonjwa tena baada ya mwaka. Na kila saa ambayo mashine inamchungulia mzima, kuna mgonjwa nje ya mlango asiyeweza kumeza mate. Kuna kifaa cha bei nafuu, kisponji kilichofungwa kwenye uzi ambacho mtu humeza kikiwa ndani ya kidonge kisha kikavutwa na seli zake, lakini nacho kinahitaji maabara ya kuzisoma. Wataalamu wa patholojia ni haba kuliko hata mashine.

Kukata, kuchoma au kufungua njia

Tiba inayolenga kuponya inajulikana. Utafiti wa Kiholanzi uitwao CROSS, uliochapishwa mwaka 2012, uliwapa wagonjwa mionzi na dawa za kemo kabla ya upasuaji. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 49. Kwa waliopasuliwa tu, nusu waliishi zaidi ya miezi 24. Waliofaidika zaidi walikuwa wenye saratani ya seli bapa, aina ya kwetu. Ni habari njema, ila ina masharti: wagonjwa wa utafiti ule walichaguliwa wakiwa na uvimbe unaoondoleka na miili yenye nguvu, na nyuma yao kulikuwa na vyumba vya uangalizi maalumu na mashine za mionzi zisizo na foleni ya miezi. Kuondoa umio ni upasuaji unaofungua kifua na tumbo. Kwa mtu aliyekondeana kwa njaa ya miezi minne, unaweza kumuua haraka kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwa walio wengi, basi, swali ni namna ya kumwezesha mtu kula tena. Stenti ni bomba la waya linalotanuka lenyewe likishawekwa. Tenwek wamekuwa wakiliweka kwa endoskopi bila hata picha za eksirei, na wametoa taarifa za mamia ya wagonjwa. Mtu aliyeingia akitema mate anaweza kutoka akila chakula laini. Upande wa pili ni mionzi ya ndani ya mrija. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2004 uliozilinganisha ulikuta stenti inaleta nafuu haraka, na mionzi inaleta nafuu inayodumu zaidi. Kwenye karatasi mionzi inashinda. Kwa mgonjwa aliyesafiri siku mbili hadi hospitali isiyo na mashine hiyo, na ambaye huenda asirudi tena, haraka ndiyo inayoshinda. Kuna njia ya tatu, mpira wa kulishia tumboni, unaoshibisha lakini hauondoi fedheha ya kushindwa kumeza mate. Dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili zimeonyesha faida ughaibuni. Kwa bei zake za sasa hazimo katika hesabu ya hospitali za rufaa.

Maumivu husahaulika katika mijadala hii. Uganda ilionyesha kwamba nchi maskini inaweza kuchanganya mofini ya maji kwa bei ndogo, na ikaruhusu wauguzi waliosomea kuiandika. Bado wapo madaktari wa ukanda huu wanaoiogopa mofini kuliko wanavyoyaogopa maumivu ya mgonjwa.

Pesa ziende wapi

Tukiyapima haya yote, naiona hivi. Ujumbe wa chai usingoje utafiti mwingine. Kuiacha ipoe dakika chache hakugharimu kitu, na hata kama joto lina sehemu ndogo tu ya lawama, hakuna aliyepoteza. Tumbaku na pombe hazihitaji mjadala. Ukaushaji mzuri wa mahindi unajilipia kwa sumukuvu peke yake, hata fumonisini ikija kuonekana haina hatia kwenye umio.

Kwenye ugunduzi, kanuni moja ingefaa kuandikwa katika miongozo ya zahanati zote za ukanda: anayekwamwa na chakula apelekwe endoskopi, asirudishwe na omeprazo. Isiwekwe kikomo cha umri, maana Bomet imekwisha kutufundisha kuhusu vijana. Upimaji wa wasioumwa ubaki kwenye maeneo kama Bomet, kwa idadi ambayo hospitali inaweza kuifuatilia. Stenti na mofini ziwe huduma za kawaida za hospitali za mikoa na kaunti. Upasuaji mkubwa na mionzi vikusanywe kwenye vituo vichache, Muhimbili na Ocean Road, KCMC, Bugando, Eldoret, Nairobi, kwa kuwa fundi anayeondoa umio mara mbili kwa mwaka ni hatari kwa mgonjwa.

Kuna pingamizi moja zito. Kuanza na stenti ni kukubali kwamba wagonjwa wengi wa sasa watakufa kwa ugonjwa huu, na kuelekeza fedha kwenye miezi yao ya mwisho badala ya kuwaokoa watakaofuata. Ingekuwa kweli kama vifaa vingekuwa tofauti. Lakini mpira wa kamera unaoweka stenti ndio huohuo unaopaka iodini, na muuguzi aliyejifunza kuuongoza kwa mgonjwa anayeshindwa kumeza ndiye atakayewachungulia majirani wasioumwa siku foleni itakapopungua. Mtandao wa watafiti wa saratani ya umio barani, AfrECC, umepita njia hiyo: kufundisha uwekaji wa stenti na kuzitafuta kwa bei nafuu, huku utafiti wa visababishi ukiendelea kwenye hospitali zilezile. Hospitali ya mkoa isiyo na endoskopi haiwezi kuchagua kati ya kuzuia na kutibu. Haina chombo cha kufanyia lolote kati ya hayo.